Sufi Haikutikisika

Baba yangu hakuwahi kushindwa na godoro. Kilichomshinda ni ngazi, na hata hizo alizibishia.

Siku hiyo tulikuwa tunapeleka godoro la futi tano kwa sita kwa mwalimu mmoja wa kike anayekaa ghorofa ya tatu. Karakana yetu ina sheria moja aliyoiweka babu na baba akaipigilia misumari: aliyelishona godoro ndiye analibeba, na akifika analilalia kwanza mbele ya mteja. Likimuuma mgongo, analirudisha kwa kichwa chake mwenyewe. Ndiyo maana magodoro yetu hayana vinundu. Na ndiyo maana mwanamume wa miaka hamsini na tisa, mwenye mapafu yaliyokula vumbi la sufi na pamba tangu hajaota ndevu, alikuwa mbele yangu na godoro kichwani. Mimi nilikuwa nyuma, nimeruhusiwa kushika pembe tu, "lisikwaruze ukuta."

Ghorofa ya kwanza aliimaliza akipiga soga. Ghorofa ya pili soga ikakatika. Pale ngazi zinapogeuka kwenda ya tatu akaliteremsha godoro, akalikalia, akaweka kiganja katikati ya kifua kama mtu anayezuia mlango usisukumwe. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso, na ngazi zile zilikuwa na baridi.

"Pampu, baba."

Pampu yake ya kuvuta dawa ilining'inia shingoni kwa uzi uleule tunaoshonea magodoro. Akaitikisa, akaiweka mdomoni, akabonyeza mara mbili, akavuta. Tukasubiri. Chini mama mmoja alikuwa anasugua ndoo. Baada ya kama dakika tatu uso wa baba ukarudiwa na damu.

"Umeona?" akasema. "Mbili tu, na mambo safi."

"Na taya?"

"Taya nalo limetulia." Akajipapasa shavu la kushoto. "Yule fundi meno ni mwizi. Jino kang'oa, maumivu kayaacha."

Hapo ndipo nilipoanza kukasirika, ingawa sikujua bado namkasirikia nani. Jino lile liling'olewa mwezi mmoja nyuma kwa sababu lilikuwa linamuuma akipanda ngazi. Mimi shule niliiacha njiani. Nilichonacho nimejifundisha mwenyewe, mengi yake kwenye magazeti ya kufungia vitambaa vyetu. Lakini jino gani hujua kama mwenye nalo anapanda ngazi au amekaa kitako?

Juu kwa mwalimu, baba alilitandaza godoro, akalilalia, akakunja mikono kifuani na kufumba macho.

"Nikifa hapa," akamwambia, "ujue godoro ni zuri."

Mwalimu alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi sikucheka.

* * *

Mtaani baba anaitwa Mzee Shazia, kwa ile sindano ndefu ya kushonea magodoro. Wengine wanasema jina limetokana na kazi. Mama anasema limetokana na ulimi.

Kliniki, nilikompeleka kesho yake, walimjua vizuri. Faili lake lilikuwa nene kuliko mto wa kulalia, miaka kumi na moja ya kifua tupu. Tabibu alikuwa mtu mpole, mwenye miwani, mchovu, wa aina ile inayoandika kabla hujamaliza kusema.

"Mzee Shazia, karibu. Kifua?"

"Kifua."

"Kinabana?"

"Kinabana."

"Pampu inasaidia?"

"Tena sana."

Kalamu ikaanza kukimbia. Nikaona mkutano wenyewe unakwisha hivyo, nikajitosa.

"Daktari, kinambana akipanda ngazi. Taya linauma, na mkono huu wa kushoto, mpaka kidole cha mwisho. Akikaa kinaachia. Haiwezi kuwa moyo?"

Baba akanikanyaga mguu chini ya meza. Tabibu akainua macho kwa mara ya kwanza.

"Kijana, wewe umesomea wapi?"

"Sikusomea. Nasoma magazeti tunayofungiwa pamba."

"Mimi nimesomea. Mapafu kama haya yakipandishwa ngazi lazima yabane. Baba yako amevuta vumbi miaka arobaini, na sigara juu yake kabla hajapata akili ya kuziacha. Usimtafutie ugonjwa mwingine. Huu unamtosha."

"Umesikia?" baba akaniambia, kwa furaha kabisa, kama mtu aliyeshinda kesi.

Nilitoka pale damu inachemka. Aliyenichemsha hakuwa tabibu peke yake. Nilichoshwa na lile faili, lililokuwa linajibu kabla mgonjwa hajaulizwa.

* * *

Kwetu hakitupwi kitu. Karakana ina kopo kubwa la biskuti lenye shazia zilizokatika ncha, vifungo visivyo na wenzake, vipande vya nta, na pampu kuukuu tano ambazo baba alizihifadhi kwa sababu, kwa maneno yake, "plastiki hii ni nzuri." Atazifanyia nini, hakuna aliyejua.

Mchana uleule mama alikuwa anatafuta kidole cha bati cha kushonea. Akachimba kopo, akatoa boksi dogo.

"Pampu hii ya nani? Bado haijafunguliwa."

Baba hakuinua kichwa. "Weka hapo. Ya zamani hiyo."

"Ya zamani imefungwa na karatasi yake? Hii si ndiyo uliyopewa wiki tatu zilizopita?"

"Niliyopewa wiki tatu zilizopita nimeivaa."

"Umevaa nini, baba watoto? Niliyoichukua mimi kwenye dirisha la dawa ndiyo hii. Niliiweka humu mwenyewe ili usiipoteze."

Baba akaishika ile ya shingoni, akaitazama kama mtu anayemtazama jirani na kugundua leo kuwa ana kengeza. Kumbe siku ile alipoona ya kwanza imekwisha, aliingiza mkono kwenye kopo akachukua ya juu, na ya juu ilikuwa mojawapo ya zile tano.

Nikamvua ule uzi shingoni. Nikachomoa nyuzi chache za sufi kutoka kwenye gunia, nikaziweka kiganjani. Hakuna kitu chepesi kama sufi. Ukipiga chafya upande huu wa karakana, inahamia upande wa pili. Nikaielekeza pampu, nikabonyeza.

Sufi haikutikisika.

Nikabonyeza tena, na tena, karibu kabisa. Haikutikisika hata unywele. Nikafungua mpya, nikaitikisa, nikabonyeza mara moja. Sufi iliruka ikamganda mama kwenye kilemba.

Mama aliangua kicheko. "Wiki tatu mtu mzima ananyonya plastiki! Heri mtoto mchanga, yeye akinyonya kunatoka kitu."

Baba naye akacheka, kwa kuwa ilichekesha. Kisha kicheko cha mama kikafa ghafla, uso ukabadilika.

"Ngoja," akasema. "Kama humu hamna kitu, kule kwenye ngazi ulipona kwa nini?"

Baba akazitazama pampu zote mbili. Mimi jibu nililiona limekaa palepale mbele yetu, kwenye kigoda. Miaka yote hiyo mambo mawili yalikuwa yanakwenda pamoja: baba anabonyeza pampu, na baba anakaa. Sifa zote zikaenda kwa pampu. Kiti hakikushukuriwa na mtu.

"Ulipona kwa kukaa, baba," nikasema. "Mapafu hayaponi kwa kukaa dakika tatu. Wewe mwenyewe unajua, yakikubana kwelikweli unahangaika nusu saa. Hiki kinachokuja ukifanya kazi na kuondoka ukipumzika ni kitu kingine."

Baba akasimama. Alipokasirika alikuwa mrefu zaidi.

"Sikiliza. Mimi nina ugonjwa mmoja, nimeuzoea, tunaelewana kama mtu na mkewe. Wa pili siutaki."

"Hata mimi wa pili simtaki," mama akadakia, "wa aina yoyote ile. Kwa hiyo kama yupo humu ndani, tutamtoa."

"Hakuna kitu!"

"Basi thibitisha," nikasema. "Kesho vuta hii nzima, kisha upige sufi. Usipobanwa, sitasema neno la moyo tena mpaka naingia kaburini."

Leo nakiri kwamba lilikuwa wazo la kijinga. Mtu wa namna ile hapimwi na mwanawe karakanani. Lakini nilimjua baba: angekufa kabla ya kukubali kuambiwa, lakini kushindana asingekataa.

* * *

Asubuhi alivuta dawa mbele yetu, kwa madaha, kama msemaji anayekunywa maji kabla ya hotuba. Tukasubiri. Ile filimbi ndogo iliyozoea kulia kifuani mwake ikanyamaza. Akapumua kwa kina, akatupigia jicho la ushindi, akajifunga kitambaa puani, akachukua fimbo mbili na kuanza kulipiga lundo la sufi. Kupiga sufi kuna mdundo wake: kulia, kushoto, kulia, kushoto, mabonge yanapasuka, nyuzi zinapanda hewani kama moshi usio na moto. Mama alisogeza kigoda nyuma yake bila kusema.

Mdundo ulikwenda vizuri, nikaanza kutunga kichwani namna ya kuomba msamaha. Kisha mkono wa kushoto ukachelewa. Ukachelewa tena. Fimbo zikasimama.

Baba aliketi kwenye kigoda. Mkono wake ulikwenda kwenye pampu kwa mazoea, ukaishika, ukaiacha. Alitaka kujua. Alikaa hivyo, macho yamekazwa ukutani, kiganja kifuani, na mimi nikajichukia kwa kila sekunde iliyopita. Kisha mabega yakashuka.

"Filimbi haikulia," akasema polepole. "Hewa inaingia, inatoka. Ni jiwe tu, limekaa hapa. Na taya." Akafuta jasho. "Kumbe kuna mwizi wa pili. Anaingia wakati mbwa wanambwekea wa kwanza."

Mama alikuwa ameshavaa viatu.

* * *

"Mzee Shazia, mbona jana tu?" tabibu akasema. "Kifua?"

"Leo si kifua," baba akajibu. "Leo nataka moyo wangu upimwe."

Tabibu alinitazama mimi, si yeye. Nikamweleza yote: pampu tupu, ngazi, fimbo. Nikatoa hata sufi mfukoni nikaiweka juu ya meza yake.

"Sufi haisomi ugonjwa, kijana."

"Lakini imesoma pampu, daktari. Wiki tatu baba hakuvuta dawa, na jana ulipouliza ukaambiwa imemsaidia sana."

"Nina watu arobaini nje."

"Waite tu," baba akasema. Akapanda kitanda cha kupimia, akalala chali na viatu vyake. "Godoro hili nimelishona mimi. Nikilala hapa, nipo kwangu. Waingie mmoja mmoja, mimi sina haraka."

Muuguzi, mwanamke mfupi mwenye saa iliyobanwa kwenye gauni, aligeukia ukuta kuficha mdomo wake. Kisha akafunua mashine iliyokuwa pembeni chini ya shuka.

"Mashine ipo, daktari. Karatasi ipo. Kumpima ni haraka kuliko kubishana naye."

Akambandika baba nyaya kifuani, mikononi na miguuni. Mashine ikanguruma, ikatema karatasi yenye mistari. Tabibu akaisoma akiwa amesimama, akaitupa juu ya faili.

"Safi. Moyo safi kabisa. Umeridhika?"

Nilikigeukia kitanda. Baba alikuwa amelala, ametulia, hajabeba kitu. Mwizi anayekuja ukibeba mzigo utamkamataje umelala? Nilitaka kusema hivyo, lakini tabibu alikuwa ameshika usemi.

"Mzee, wewe ni mtu wa mapafu. Nenda nyumbani, vuta dawa yako. Na uache kusikiliza watoto waliojifundisha udaktari kwenye magazeti ya kufungia pamba."

Baba akainuka na kuketi kitandani, nyaya zote bado zimembana.

Jana mtu huyu alikuwa amenikanyaga mguu. Maishani mwangu hakuwahi kunisifu mbele ya mtu; akikuta mshono wangu ni mzuri, husema, "Haujaharibika." Sasa alimnyooshea tabibu kidole, kidole chenye ngozi ngumu ya sindano.

"Huyu unayemtukana," akasema, "ndiye pekee aliyeniuliza swali akasubiri jibu. Wewe miaka kumi na moja unaniuliza, halafu unajijibu! Mimi sijaja kuomba sadaka. Nikishona godoro likatoa kinundu, sisemi mgongo wa mteja ni mbovu. Nalifumua! Nalifumua lote mpaka..."

Akakatika. Kiganja kikapanda kifuani. Uso ukawa wa majivu.

"Baba!"

"Msimguse," muuguzi akasema, na sauti yake haikuwa na mzaha tena. Alimlaza baba tena kitandani kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akabonyeza mashine. Karatasi ikatoka. Hata mimi nisiyesoma mistari ile niliona kwamba si ileile: sehemu iliyokuwa imenyooka sasa ilikuwa imezama, kila pigo, kama godoro lililokaliwa.

Tabibu aliichukua kwa mikono miwili. Mara hii hakusimama mbali. Aliinama, akamwekea baba kidonge chini ya ulimi, akashika mkono wake, akahesabu mapigo. Baba alikuwa ameishika pampu kwa mazoea. Kisha akaiachia kwa makusudi, akimtazama tabibu machoni, ining'inie pale aione.

Dakika mbili. Tatu. Mabega yakashuka, rangi ikarudi.

"Imeondoka," baba akasema. "Na sikuvuta kitu. Andika hivyo."

Muuguzi akazilaza zile karatasi mbili mezani, bega kwa bega, juu ya lile faili nene. "Hii amelala," akasema. "Hii amekasirika."

Tabibu alivua miwani. Nilikuwa nimeshaandaa maneno makali ya kummwagia, nimeyapanga hadi vina. Akaniwahi.

"Mzee wangu, nisamehe. Nilisoma faili nikaacha kukusoma wewe." Akanigeukia. "Na wewe pia unisamehe. Mishipa inayolisha moyo wake imebana. Watu wa mapafu wengi hupata hili: ni vumbi lilelile, ni moshi uleule. Wakikosa pumzi sisi tunasema ni yaleyale, tunawaongezea pampu."

"Sasa?" mama akauliza. Alikuwa ameshasogea hadi kitandani.

"Sasa anakwenda hospitali kubwa. Leo, kwa gari letu, si kesho."

"Nina godoro la mtu, limefika nusu," baba akasema.

"Litabaki nusu," mama akajibu, na huo ukawa mwisho wa mjadala.

* * *

Hospitali kubwa walimwingiza waya mwembamba kupitia kifundo cha mkono hadi kwenye moyo. Mshipa mmoja ulikuwa umeziba karibu wote; wakautanua, wakauwekea kibomba cha wavu wa chuma ili usijifunge tena. Baba alikuwa macho muda wote, na tunaambiwa alimuuliza daktari anatumia shazia namba ngapi. Walimpa dawa za moyo. Moja waliianza kidogokidogo huku wakimsikiliza kifua, kwa sababu nyingine za aina yake huyabana mapafu. Pampu hawakumwondolea. Mapafu yale ni yaleyale na hayatarudi kuwa mapya. Hilo hakuna aliyetudanganya.

Miezi minne baadaye tulipata oda ya jirani wa yule mwalimu. Ghorofa ya tatu tena. Godoro lile nililishona peke yangu, kutoka fundo la kwanza hadi la mwisho, kwa hiyo kwa sheria ya babu lilikuwa langu kulibeba.

"Na wewe unakwenda wapi?" mama akamuuliza baba.

"Kushika pembe. Lisikwaruze ukuta."

Alipanda nyuma yangu. Kila mahali ngazi zinapogeuka alisema, "Simama," nasi tulisimama, kabla ya maumivu, si baada yake, kama alivyofundishwa. Yule mama wa ndoo alituona.

"Mzee, kifua bado kinakusumbua?"

"Kifua kipo," baba akajibu. "Na moyo nao umo. Ni wawili sasa, mama, na bado napanda."

Juu nikatandaza godoro, nikalilalia mbele ya mteja, nikakunja mikono. Lilikuwa zuri. Nilijua ni zuri.

"Ondoka," baba akasema.

"Sheria ni aliyelishona, baba."

"Sheria niliirithi mimi kabla yako. Ondoka."

Akalala. Akafumba macho. Mteja akanitazama, mimi nikatazama kifua cha baba, kikipanda, kikishuka, kwa filimbi yake ndogo ya siku zote. Alikawia hivyo mpaka nikasogea hatua moja.

Akafumbua jicho moja.

"Hapa begani pana kinundu," akasema. "Beba turudi. Kesho ngazi tutazipanda tena."